Kigango Kwenye Saruji

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, nilisimama mbele ya lango la mabati nyuma ya Kisauni nikiwa nimevaa shati langu la Ijumaa. Hakuna aliyeniambia nivae nini. Kabla ya hapo nilikuwa mpakiaji wa magunia ya chai katika maghala ya Changamwe, na nilipopata kazi katika hifadhi ya wanyama nilidhani nitakaa mezani nikate tikiti.

Msimamizi wa Wanyama alitoka akanitazama kuanzia kola hadi viatu. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale, mfupi, mwenye sauti ya chini.

"Wewe ndiwe Saidi wa Magogoni?"

"Naam, bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Harusi ya nani leo?"

Nililitazama shati langu.

"Basi rudi nyumbani uvae la kuchafuka. Choroa hajui Ijumaa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi iliyonichukua miaka yangu yote ya nguvu. Naiandika kwa ajili ya vijana wanaoomba kazi katika mbuga na mahoteli ya pwani yetu, ili wajue ilivyofanywa zamani zetu. Naiandika pia kwa sababu ya mtu mmoja, Mzee Baya, ambaye tulifanya kazi pamoja na ambaye jambo lake halikuandikwa na mtu yeyote.

Mahali penyewe palikuwa machimbo. Watu walikata pale mawe ya matumbawe ya kujengea nyumba, na mawe yalipokwisha wakaacha shimo pana, jeupe, lenye kuta zilizosimama wima, na chini yake hakuna udongo wa kuotesha hata mchicha. Jua likipanda, weupe ule uliurudisha mwanga machoni mpaka ukalazimika kutembea umeinamisha kichwa. Sisi watu wa Magogoni tulipaita Jangwani. Kampuni iliyolinunua shimo haikulifukia. Ilileta wanyama wa nyika kavu wasiohitaji zaidi ya jua, kivuli kidogo na maji ya kupimwa: choroa, swala twiga, digidigi, mbuni, ngiri na kobe wakubwa. Upande wa mashariki ikajenga mji wa Kigiriama, wenye nyumba tatu za nyasi, ghala ya mahindi, kinu, mizinga ya nyuki na uwanja wa ngoma. Mgeni alizunguka kwa saa moja na nusu, wanyama kwanza, halafu mji.

Kazi ya mtunza wanyama huanza kwa macho. Msimamizi alinifundisha hilo kabla ya kunipa ndoo. "Mtazame kabla hujampa chakula," alisema. "Ukishampa, kila mnyama aonekana mzima." Alikuwa na maana kwamba mnyama mgonjwa huweza kukimbilia hori pamoja na wenzake na kujifanya anakula. Ni kabla ya chakula ndipo utaona nani amesimama peke yake, nani masikio yameanguka, nani anakanyaga kwa kubania mguu. Kinyesi cha choroa mzima ni punje kavu zilizotengana. Zikishikana kama tende, mwite daktari.

Choroa ni swala mkubwa, mwenye uso mweupe na mweusi na pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki. Huwezi kuingia kwake mikono mitupu. Tulibeba ubao wa kinga, kipande kipana chenye vishikio nyuma, na tukaingia ubavu ubavu tukiuacha mlango wazi nyuma yetu ili tupate pa kukimbilia. Alipotakiwa kuhamishwa, tulimpitisha kwanza katika kichochoro cha mbao, kisha tukamvisha vipande vya paipu ya plastiki kwenye ncha za pembe ili asiwatoboe wenzake garini. Kovu nililonalo pajani ni la asubuhi moja niliyoona ubao ni mzito.

Baada ya miaka kadhaa Msimamizi alinipa kazi ya kuongoza wageni, juu ya ile ya kulisha. Shule niliiachia darasa la nane. Yaliyobaki niliyasoma mwenyewe katika vitabu vilivyoachwa na wageni, kamusi ikiwa pembeni. Nilijifunza kwa nini choroa anavumilia jua linaloua ng'ombe: mchana huacha mwili wake upate joto kali badala ya kutoka jasho, akaweka maji yake, halafu usiku joto lile hulitoa kwa upepo. Niliwaeleza wageni hayo tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha mvinje, kwa sababu mgeni anayechomwa jua hasikii kitu. Niliwaonya wasikimbie mbele ya mbuni. Niliwaacha watoto wa shule wamguse kobe mgongoni. Kisha niliwapeleka kwenye mji na kuwakabidhi kwa Mzee Baya.

Yeye aliajiriwa kwa cheo cha Kiongozi wa Utamaduni, na cheo hicho kilimchekesha siku zote. Alikuwa Mgiriama wa bara ya Ganze, mrefu, mkavu, aliyekuja Kisauni kufuata watoto wake. Mchana alijifunga shuka nyeupe akawa babu wa wageni. Jioni alivaa suruali akarudi nyumbani kwa binti yake, Kadzo, aliyekuwa akiuza mahamri karibu na stendi.

"Saidi, umeniletea wangapi?" aliniuliza kila mara.

"Ishirini na wawili, Mzee. Mbuni amewatia hofu."

"Vizuri. Mimi nitawaonyesha mwanamke wa Kigiriama anavyotwanga, waogope zaidi."

Wanawake waliokuwa kinuni walimjibu kwa Kigiriama maneno ambayo hakukubali kunitafsiria.

Pembeni mwa uwanja alikuwa amesimamisha mbao tatu alizochonga mwenyewe, za kuonyesha vigango. Lazima nieleze kigango ni nini, maana hata Mombasa kwenyewe wengi hawajui. Mgiriama aliyekuwa na heshima kubwa, aliyeingia katika chama cha wazee kinachoitwa Gohu, akifa familia yake humchongea nguzo ya mti mgumu, bapa, yenye kichwa cha mviringo na mwili uliojaa pembetatu ndogondogo. Nguzo hiyo husimamishwa mjini kwake. Haiwi alama ya kaburi tu. Wenyewe wanaamini kwamba marehemu yupo pale, na hapo ndipo watoto wake humwendea kumpa habari za nyumba na kummiminia tembo la mnazi. Familia ikihama, kigango hubaki. Hakihamishwi.

Zile tatu za Mzee Baya hazikuwa na mtu. Alizichonga bila jina na bila shughuli yoyote, makusudi. Watoto wa wageni wakizipanda aliwaacha. "Hizo ni mbao," aliniambia. "Hazina masikio."

Meneja wa kwanza, aliyetuajiri, alistaafu. Wa pili aliletwa kutoka mahoteli ya Nairobi. Hakuwa mtu mbaya. Alitulipa kwa wakati, akatuchimbia choo kipya, na alijua jina la kila mfanyakazi. Lakini alikuwa na neno moja alilolipenda, neno "halisi". Aliwaambia wapishi wapike chakula halisi, akawaambia wacheza ngoma wavae nguo halisi. Siku moja alisimama mbele ya mbao za Mzee Baya akatikisa kichwa.

"Mgeni ametoka Ulaya," alisema, "anaonyeshwa kitu kilichochongwa mwaka jana?"

Jumatatu moja, ambayo ilikuwa siku ya Mzee Baya ya mapumziko, lori dogo lilileta nguzo saba zilizofungwa magunia. Meneja alizinunua kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Zilikuwa kuukuu kwelikweli, mti umekuwa wa kijivu, nyingine zimeliwa na mchwa miguuni. Kwa kuwa chini ni jiwe, fundi alichimba mashimo kwa mashine, akazisimamisha, akazimwagia saruji. Zile tatu za Mzee Baya zilipelekwa jikoni zikawa kuni.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa nikibeba nyasi za choroa nilipomwona Mzee Baya amesimama mbele ya nguzo ya nne. Mkono wake ulikuwa ubavuni mwa nguzo, penye doa jeusi la moto. Nilimsalimu, hakuitika. Mzee yule hakuwa na desturi ya kuacha salamu ya mtu ianguke chini. Nikaweka nyasi.

"Mzee Baya, kuna nini?"

"Huyu ni baba."

Sikuelewa mara moja. Aliendelea bila kugeuka.

"Moto ulitoka shamba la jirani, mimi kijana sijaoa. Nyasi ziliwaka mpaka hapa." Alipapasa doa. "Niliuzima kwa shati langu. Mama akanigombeza kwa ajili ya shati."

Aliniambia yaliyobaki tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa ghala. Ardhi yao ya zamani ilichoka, wakahama, wakamwacha baba yao alipo kama ilivyo desturi. Yeye ndiye kifungua mimba, kwa hiyo ndiye aliyekuwa akirudi kumtazama. Safari ya mwisho alikuta shimo. Alikwenda kwa chifu kushtaki. Chifu akamuuliza, kimeibwa na nani?

"Nikamwambia, ningemjua mwizi ningekuja kwako?" alisema Mzee Baya, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu likamtoka. "Saidi, mimi ni mzee. Nikifa kabla hajarudi kwake, nikimkuta huko nitamwambia nini? Kwamba nilimwona kila siku nikampiga picha na wazungu?"

Hilo ndilo lililokuwa jambo lake tangu siku ile: amrudishe baba yake Ganze kabla ya yeye mwenyewe kufa. Hakutaka kingine kutoka kwa kampuni, wala nyongeza wala fidia.

Mimi ni Mwislamu. Dini yangu hainiruhusu kumimina tembo kwa aliyekufa, na siamini kwamba maiti hukaa katika mti. Lakini mtu aliyeng'olewa mahali alipowekwa na watoto wake, akauzwa, hilo halihitaji dini moja kulielewa. Nilikwenda naye ofisini.

Meneja alituagizia soda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mimi nakuheshimu kama baba yangu mzazi," alisema. "Lakini kile kitu kimenunuliwa, kiko na risiti, ni mali ya kampuni. Nikikutolea hicho, kesho mwingine atakuja aniambie yule choroa ni mjomba wake."

Mzee Baya aliiweka chupa mezani. "Choroa mlimleta akiwa hai, na mnampa maji," alisema. "Baba mmemtia saruji miguuni."

Meneja aliitazama ile chupa. Nadhani aliona haya. Akatoa shauri: Mzee Baya achonge nguzo nyingine inayofanana na ile kabisa, ili safu isiwe na pengo, naye atamruhusu aichukue ya baba yake. Walipeana mikono mbele yangu.

Alichonga kwa miezi, jioni baada ya wageni kuondoka, nyuma ya boma la ngiri. Alitumia muhuhu, mti mgumu unaonukia ukikatwa. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa uzito namna ile. Wakati mwingine aliweka tezo chini akaenda kukitazama kigango, akarudi, akakaa bila kufanya lolote.

"Vidole vinakataa," aliniambia. "Ni kuchonga sura ya baba, na ndani yake baba asiwemo."

Alimaliza. Aliisugua kwa tope la ngiri na kuifukizia moshi jikoni ili iwe na sura ya uzee. Kitu kimoja tu alikataa kukiiga, nalo ni lile doa la moto. Meneja aliikagua, akasema ni nzuri, na kwamba wiki ijayo fundi atakuja na mashine kuing'oa ile ya zamani.

Kabla ya wiki hiyo, Meneja alihamishwa hoteli nyingine ya kampuni. Vijana, mkiingia katika ajira lishikeni hili: ahadi ya mdomo haibaki na kiti, huondoka na mtu. Meneja wa tatu, mwanamke mchapakazi aliyetoka idara ya hesabu, alisema hakuna alichoachiwa kuhusu jambo hilo, na kwamba hana mamlaka ya kutoa mali. Niliposhuhudia kwamba nilikuwepo, alinisikiliza kwa adabu. Akaona nguzo mpya imelazwa kando, akauliza kwa nini haitumiki. Ikasimamishwa nayo, ya nane, saruji ileile.

Basi Mzee Baya akawa na baba wawili pale uwanjani, wa kweli na wa kuigiza. Wageni walimpenda zaidi huyu wa pili kwa sababu michoro yake ilionekana vizuri kwenye picha.

Mtu ataniuliza kwa nini hatukuing'oa wenyewe. Nilimwambia Mzee hivyo hivyo siku moja, kwamba mlinzi wa lango ni jirani yangu Magogoni na tindo ninayo. Alitikisa kichwa. "Walimwiba kumtoa," alisema. "Mimi nisimwibe kumrudisha. Atarudi nyumbani mwizi?"

Wala hakuacha kazi. Watoto wake walimsihi apumzike, kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alisema hawezi kumwacha mtu wake peke yake kati ya wageni. Kila asubuhi alifika kabla ya lango kufunguliwa, na tembo kidogo ndani ya chupa ndogo ya soda, akamimina miguuni mwa nguzo na kusema maneno machache. Lakini saruji hainywi. Tembo lilitandaa juu, likakauka, likaleta siafu. Niliona jambo hilo likimtia unyonge kuliko yote. Siku moja nilileta tindo na nyundo, nikatoboa saruji pembeni mwa nguzo, tundu la upana wa kidole, taratibu nisiuguse mti, mpaka nikafikia vumbi la jiwe chini. Alimimina. Likashuka.

"Haya," alisema. "Sasa amekunywa."

Tukaendelea hivyo miaka. Mimi nilipanda nikawa Msimamizi wa Wanyama baada ya yule wa Mji wa Kale kufariki. Nilipokuwa naongoza wageni nilipewa karatasi ya maneno ya kusema: kigango ni sanamu ya ukumbusho ya Wamijikenda, sanaa ya hali ya juu. Niliyasema. Kila mara nilihakikisha kwamba hakuna anayeegemea ile ya nne.

Kisha wageni wakapungua. Kwanza nchi zao zikawakataza kuja, halafu ugonjwa ukafunga viwanja vya ndege. Kwa mtunza wanyama hakuna msimu mchungu kama huo. Hoteli ikikosa wageni hufunga vyumba, lakini choroa hafungiki. Nyasi zilikuja nusu, chakula cha vidonge kikakoma, tukakata matawi ya mlusina kando ya barabara ya Mtwapa tukiyabeba kwa baiskeli. Wafanyakazi wengi waliachishwa. Mji wa Kigiriama ulifungwa, na Mzee Baya akaambiwa hana kazi tena. Aliendelea kuja. Mlinzi alimfungulia.

Mwaka uliofuata kifua kilimlaza. Nilikwenda kumtazama kwa Kadzo. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, na mahamri yanakaangwa ndani.

"Choroa wangapi wamebaki?" aliniuliza.

"Wanne."

"Wanakula?"

"Wanachopata."

Akavuta pumzi kwa taabu. Kisha akasema, "Saidi, kuna jambo nataka kukuomba, na najua dini yako. Usimmiminie tembo. Wewe mimina maji tu. Baba hakuwa mtu wa kuchagua."

Nilimwambia inshallah nitafanya.

"Na usimwambie kitu. Mimi nitamweleza."

Kwa hiyo kila asubuhi, nikimaliza kuwajazia choroa maji, nilikimimina kikombe cha mwisho kwenye lile tundu. Sikusema neno. Sikuona kwamba nimevunja dini. Kumwaga maji juu ya ardhi si ibada, ni maji. Lakini nakiri kwamba nilisimama pale muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Mzee Baya alifariki kabla ya mvua za vuli. Tulimsafirisha Ganze kwa gari la kukodi, mimi nikikaa nyuma na watoto wake. Wakamzika penye mji wao mpya. Ndugu yake mdogo, mzee wa makamo, aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli kaka yake alifanya kazi kwa miaka yote hiyo mahali alipo baba yao, akashindwa kurudi naye. Kadzo alijibu kabla yangu.

"Hakushindwa yeye," alisema. "Alikatazwa."

Yule mzee akasema, "Kukatazwa na kushindwa, Kadzo, baba huko aliko ataona tofauti gani?"



Mwaka huo huo kampuni iliamua kuuza lile shimo kwa wajenzi wa nyumba. Idara ya wanyamapori ilikuja kuwachukua wanyama. Nilivisha pembe za choroa paipu kwa mara ya mwisho, nikawaingiza garini mmoja mmoja, na wote wanne walifika walikopelekwa wakiwa hai, alhamdulillahi. Hilo ndilo jambo la kazi yangu ninaloweza kulitaja bila kuona uchungu. Mbuni wawili walikufa njiani.

Vitu vingine vyote vilikabidhiwa dalali avinadi. Nilimpigia Kadzo simu. Tulikubaliana tuende mapema siku ya mnada, yeye na akiba ya biashara yake na ya ndugu zake, mimi na sehemu ya kiinua mgongo changu. Kutokana na maneno ya ofisini ya miaka yote, tulidhani bei itakuwa kubwa mno. Kadzo alikuwa ameuza hata friji.

Tulipofika, mabati yalikuwa yameng'olewa tayari. Vibarua wa dalali walikuwa wamepewa kazi ya kukusanya vitu vyote karibu na lango, ili wanunuzi wasisumbuke kutembea juani. Nguzo walijaribu kuzitingisha, hazikutoka. Saruji ilikuwa imeshika. Wakachukua msumeno wa mashine, wakazikata zote nane usawa wa chini.

Zilikuwa zimelazwa kwenye rundo pamoja na milango ya vyoo na mbao za ua. Kadzo hakulia. Alizigeuza moja moja mpaka akalipata doa jeusi, akaketi chini kando yake, juu ya mawe meupe, akaikunja leso yake na kuifunika ile sehemu iliyokatwa. Mimi nilikwenda uwanjani. Miguu ilikuwa imebaki ndani ya saruji, mti uliokatwa unaonekana, na tundu langu pembeni. Nilijaribu kwa tindo mpaka mnada ukaanza. Nilipata vipande tu.

Nilizungumza na dalali. Nilimwambia nataka nguzo moja, ile aliyoketi kando yake yule mwanamke. Alinitajia bei, nikalipa. Sikumwambia Kadzo ni kiasi gani, naye wakati ule hakuuliza.

Tulikipeleka Ganze siku ya pili, kimefungwa mkeka. Wazee walikaa tangu asubuhi hadi alasiri wakibishana. Wengine walisema kisimamishwe palepale pa zamani, hata kikiwa kifupi. Ndugu wa Mzee Baya alisema mtu aliyekatwa miguu humsimamishi, utakuwa unamdhihaki. Mwishowe walikilaza chini, kando ya kaburi la mwanawe, Mzee Baya, na vile vipande vyangu wakaviweka pembeni yake, wakaweka mawe kukizunguka ili mbuzi wasikanyage. Hakuna aliyeridhika. Mzee mmoja alinishika mkono akasema angalau wako pamoja, lakini hakunitazama machoni aliposema hivyo.

Sasa nimestaafu. Naishi Magogoni, ambako kutoka barazani kwangu nayasikia matingatinga yakisawazisha lile shimo. Vijana huja kuniuliza kama kazi ya wanyama ina faida. Nawaambia ina mafunzo mengi, na mshahara wake hulisha mtu akiwa na kiasi. Nawaambia wajifunze majina ya wanyama kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine, wabebe ubao wa kinga hata ukiwa mzito, na wakiletewa kitu cha watu wengine wakionyeshe kwa wageni, wawaulize kwanza wenyewe kimetoka wapi. Wengi husikiliza mambo ya ubao, hilo la mwisho huliona kama porojo za mzee. Huenda nami ningeliona hivyo, katika siku zangu za shati la Ijumaa. Sisi watu wa Jangwani tulijua kumtunza kila kiumbe aliyekuwa akipumua. Kwa wengine hatukuwa na utaratibu, na waliokuwa na madaraka hawakuona haja ya kuuweka.

Tulipokuwa tukirudi kutoka Ganze siku ile, tumekaa kituoni Kilifi tukingoja gari, Kadzo aliniambia, "Ami Saidi, niambie ulilipa ngapi, nikurudishie. Baba hakupenda deni."

Nilimwambia hakuna deni.

"Nataka kujua tu, basi. Alingoja miaka yote ile. Nataka kujua walimwekea bei gani."

Nilitamani kumwambia uongo, nitaje kiasi kikubwa, cha heshima. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya baba yake, na mimi sijazoea kutaja hesabu isiyo sahihi. Nikamwambia. Dalali aliipima kwa mkono, akaiita mbao chakavu, na akataka shilingi mia nne.